Ulimi wa Mzee Thawin

Katika mji wa Pak Nam Pho, pale mito miwili inapokutana ikawa mmoja, watu walikuwa na desturi ya kumficha Mzee Thawin habari za harusi. Hakuwa mchoyo wa zawadi, wala si mlevi wa kuvunja viti. Kosa lake lilikuwa ulimi. Huketi mezani kwa adabu, huonja kijiko kimoja cha mchuzi, hukiweka kijiko chini polepole, kisha huuliza kwa sauti ya upole, wapishi wakisikia, kama ukoo wa bwana harusi una kinyongo na wageni. Hata chakula walichopelekewa watawa hekaluni hakikusalimika. Watawa hawaruhusiwi kuchagua, alikuwa akisema, ndiyo maana mnawaonea.

Dharau hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kazini. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoingia kupika katika behewa la chakula la treni ya kaskazini, na alitoka humo nywele zote zimekuwa nyeupe. Jiko lilikuwa jembamba, mtu akigeuka kiwiko kinagonga ukuta. Treni ikikata kona, mafuta nayo yanakata kona, na mikono yake yote miwili ilikuwa na makovu kuanzia vifundoni hadi kwenye viwiko. Humo ndani, huku chungu kimefungwa kwa waya kisiruke, alipika supu ambazo wasafiri walizikumbuka hata baada ya kusahau walikuwa wanakwenda wapi. Basi akajiwekea sheria moja maishani: mtu anayepika juu ya ardhi isiyotembea hana udhuru.

Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuuweza ulimi ule, naye ni mkewe, Sangwian. Wiki ya kwanza ya ndoa Thawin alisema mchuzi wake wa mboga umepooza. Sangwian alilichukua bakuli, akatoka nje, akampa mbwa wa jirani, kisha akarudi akafunga jiko. Thawin akalala na njaa. Tangu siku hiyo alikula chakula cha mkewe miaka thelathini na minne bila neno, kitamu na kisicho kitamu. Mama yule alipofariki, kufuli la mdomo wa Thawin likaenda naye.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Rampha, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka arobaini asiyeolewa wala kuona haraka ya kuolewa, aliyemtunza baba yake kwa subira aliyoizoea darasani. Mwaka ule Rampha alifanywa naibu mwalimu mkuu. Walimu wenzake walimuuliza atasherehekea wapi, naye akasema atampeleka baba yake kula chakula cha mchana Nyumba ya Mito Miwili. Wenzake wakamtazama kwa huruma.

Nyumba ya Mito Miwili ilikuwa mkahawa mpya ukingoni mwa mto, wenye nguzo za mbao zilizopakwa rangi zionekane kuukuu, na taa za vikapu zilizowashwa mchana kweupe. Mwenyewe alikuwa Wisarut, mtoto wa pekee wa mwenye kinu cha mpunga, kijana aliyekaa mji mkuu miaka minane akarudi na aproni ya ngozi ambayo haijawahi kurukiwa na tone la mafuta. Mlangoni kilitundikwa cheti cha mpishi wake mkuu, ndani ya fremu ya dhahabu. Thawin alisimama akakisoma chote, hata mhuri.

Akamwambia bintiye, "Mahali ambapo cheti kinatundikwa juu kuliko picha ya mababu, usitarajie kula. Tarajia kusoma."

"Baba, leo ni siku yangu," Rampha akasema. "Naomba ule."

Akaahidi kwamba atakula. Na kwa kweli alijitahidi.

Maji yaliletwa kabla hawajaketi, jambo lililompa Rampha moyo. Baada ya hapo hakuja mtu. Wasichana watatu wenye sare za hariri walisimama penye kaunta wakipigana picha, na kila Rampha alipoinua mkono, mmoja wao alitabasamu vizuri sana kisha akageukia upande mwingine. Alipokuja hatimaye, alikuja na orodha ya vyakula nzito kama albamu ya harusi, picha tupu, kila sahani imevalishwa ua. Thawin aliuliza kama samaki ni wa mto huu au wa bwawa. Msichana akasema ni wa jikoni.

Waliagiza vitu vitano. Cha kwanza kuletwa ulikuwa wali wa kukaanga wenye nanasi, ambao hawakuuagiza. Rampha, kwa njaa na kwa kutaka amani, alikula kijiko kimoja. Mara yule msichana akarudi mbio, akaomba radhi kwa viganja vilivyokutanishwa vizuri kabisa mbele ya uso, akainyanyua sahani, akausawazisha wali kwa mgongo wa kijiko pale palipochotwa, akaenda kuiweka meza ya pili mbele ya bwana mmoja na mkewe. Thawin aliwatazama wale watu wakila. Rampha aliona masikio yake yakiwa mekundu.

Kisha ikaja supu kali ya kambare. Sasa, supu hii ni chakula cha mto ule. Mtoto wa Pak Nam Pho huijua kabla hajajua jina lake. Mchaichai hupondwa ili utoe harufu, ndimu hukamuliwa moto ukishazimwa, samaki huoshwa kwa chumvi mara tatu hadi harufu ya tope iishe. Supu ya Wisarut ilikuwa na mchaichai mzima mzima kama kuni, uchachu wa chupa, na kambare aliyenukia palepale alipovuliwa. Thawin alitoa kijiti kimoja cha mchaichai mdomoni, akakilaza ukingoni mwa bakuli, kisha cha pili, kisha cha tatu.

"Naona wametupa vifaa tujengee banda," akasema.

Nyama ya nguruwe yenye majani ya mrehani ilikuja ikiogelea mafutani. Mayai yalikuja yameungua upande mmoja na mabichi upande wa pili, na Thawin akasema hapo angalau wametenda haki, kila mtu achague upande wake. Wali mweupe, ambao ndio vyakula vingine vyote huliwa nao, haukuwa umefika bado. Rampha aliukumbushia mara mbili. Mara ya pili msichana alimjibu kwamba wali uko njiani, kwa sauti ya mtu anayezungumzia ndugu anayetoka mbali.

Ulipofika, ulifuatana na sahani mbili za mwisho. Moja ilikuwa pilipili ya kinu: uduvi uliovundikwa, kitunguu saumu, pilipili mbichi na ndimu, vikiwa vimetwangwa pamoja na kuwekwa katikati ya mboga za kuchemsha na vibua wawili wa kukaanga. Ya pili ilikuwa bakuli dogo la mchuzi mchachu wa samaki. Rampha alimpakulia baba yake, akajikaza akisubiri tusi.

Thawin alionja. Akaonja tena. Akatia wali kidogo, akachovya ncha ya kibua, akala. Akanyamaza.

Kimya kikamtisha Rampha kuliko kejeli. Alikuwa hajamwona baba yake akila hivyo tangu mama yake afe, kichwa chini, bila kutazama pembeni, akipangusa ukingo wa bakuli kwa tonge la mwisho. Alimuuliza kama anajisikia vibaya.

"Uduvi huu umechomwa kwenye jani la mgomba kwanza," Thawin akasema polepole. "Na huu mchuzi umetiwa ukwaju mara mbili, mwanzo na mwisho. Nani anafanya hivyo siku hizi?" Akaisukuma supu ya kambare pembeni. "Mtu aliyepika hii hawezi kuwa ndiye aliyepika ule mchuzi. Humo jikoni mna mikono miwili, mwanangu. Mmoja unajua na mmoja una cheti."

Ingeishia hapo, na Rampha angeikumbuka kama siku njema. Lakini Wisarut alikuwa na tabia ya kupita meza hadi meza akiwauliza wageni wameonaje chakula, na kila alipouliza alikuwa ameshaanza kushukuru. Alifika kwao na aproni yake, akakutanisha viganja, akampongeza mwalimu kwa cheo kipya.

"Na bamkubwa ameonaje?"

Thawin akamwambia. Alianza na maji akamalizia na mayai, bila kuinua sauti, kwa utaratibu wa mtu anayesoma mashtaka. Meza za jirani ziliacha kula. Yule bwana wa wali wa nanasi aliposikia habari za sahani yake, aliweka kijiko chini, mkewe akafunika mdomo. Kisha Thawin akasema kwamba pilipili ya kinu na mchuzi mchachu ni chakula cha kupigiwa magoti, na akauliza ni nani aliyevipika.

Wisarut alitabasamu kwa taabu. Akasema mpishi wake ni mmoja tu, Bwana Decha, mwenye shahada ya upishi kutoka mji mkuu, na kwamba ladha hutofautiana kulingana na afya ya ulimi wa mtu, hasa umri ukisogea.

Hapo pakawa pabaya. Watu wa Pak Nam Pho walikuwa wamemwita Thawin majina mengi, lakini hakuna aliyewahi kuusingizia ulimi wake ugonjwa.

"Basi twende tukamwone huyo mmoja," akasema, akasimama.

Rampha alimshika shati. Lilimponyoka. Mzee alipita katikati ya meza, Wisarut nyuma yake akisema wageni hawaruhusiwi, na nyuma ya Wisarut wageni wengine wanne au watano, ambao hawakuruhusiwa vilevile. Thawin akasukuma mlango wa jikoni.

Mpishi mwenye shahada hakuwemo. Alionekana kupitia mlango wa nyuma, amekaa uani kwenye kreti la soda, sigara mdomoni, akitazama ndondi kwenye simu. Ndani, kando ya beseni la vyombo vichafu, alikaa mwanamke wa miaka sitini na kitu, gauni limelowa hadi kifuani, kinu kati ya magoti, akitwanga. Jina lake lilikuwa Bunruan, naye aliajiriwa kuosha vyombo. Alipouona msafara ule mlangoni aliacha mchi hewani.

Thawin alikuwa mrefu kuliko wote waliokuwa mlangoni, na aliona alichokuja kukiona: uduvi ndani ya jani la mgomba lililoungua kingo, bakuli la ukwaju, vidole vya yule mama vilivyobadilika rangi kwa manjano. Akapiga hatua mbili, akakutanisha viganja, akainama mbele ya mwosha vyombo kama anavyoinama mtu mbele ya mwalimu wake.

Mama yule alitikisa kichwa. Alikitikisa kidogo tu, macho yake yakienda kwa Wisarut yakirudi kwa Thawin, na mtu yeyote mwenye akili angesoma neno lililokuwemo: nyamaza. Lakini Thawin alikuwa na watazamaji.

"Haya, jamani, mmeona wenyewe," akasema akiwageukia. "Mpishi wa nyumba hii ni huyu anayeosha masufuria. Yule wa uani ni mpangaji. Wisarut, mwanangu, kishushe kile cheti, ukamfunikie huyu mama mchele usiingiwe na wadudu."

Watu wakacheka. Decha alizima ndondi. Wisarut alisimama na aproni yake, uso umemshuka. Thawin alirudi mezani akamchukua bintiye, na njiani kurudi nyumbani alipiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya tangu astaafu.

Siku zilizofuata aliishi kwa hadithi ile. Asubuhi kwenye kibanda cha kahawa sokoni aliisimulia kwa wazee wenzake, na kila asubuhi ilirefuka. Siku ya kwanza Wisarut aliona haya. Siku ya tatu alikuwa ametetemeka. Siku ya tano alikuwa karibu kulia na Decha ametoroka kwa kuruka ukuta. Wazee walicheka, wakamwagizia mikate ya kukaanga. Thawin alikuwa anamsifu Bunruan hadi mwisho, na kila alipomsifu alifafanua vilevile jinsi ulimi wake ulivyomgundua: jani la mgomba kwanza, ukwaju mara mbili.

Siku ya sita Rampha alitoka shuleni akamkuta anachagua mboga. Hakuvua hata viatu.

"Baba, yule mama wamemfukuza."

Mtoto wa jirani ya Bunruan alikuwa mwanafunzi wake, ndiye aliyemweleza. Alifukuzwa siku ileile, kabla hata jua halijazama. Decha alimwambia tajiri wake achague, yeye na cheti chake au bibi wa vyombo, na Wisarut akachagua kilichokuwa kwenye fremu. Habari yenyewe ilikuwa hivi: Bunruan na Decha walikuwa wameelewana tangu mwanzo. Mpishi hakupenda kazi ya kinu, inauma mabega, mama aliipenda. Basi alikuwa anamwachia vyakula viwili vitatu vya kupika, naye Bunruan akibeba chakula kilichobaki kumpelekea dada yake aliyepooza miguu. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyesema, na mama wa watu alikuwa anapika apendavyo bila kusimamiwa. Mwaka mzima ulipita hivyo, hadi alipokuja mtu mmoja mwenye ulimi.

Thawin alisema kwamba Wisarut ni mpumbavu. Rampha akakubali. Kisha akasema kwamba Decha ni mwizi wa sifa. Rampha akakubali hilo pia, akaendelea kumtazama, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa.

Kesho yake Thawin alinunua vifurushi viwili vya matunda akavuka mto. Nyumba ya Bunruan ilikuwa nyuma ya soko la samaki, ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini akiparua magamba ya samaki. Alimwona tangu mbali, asiache kuparua.

Thawin alimsalimu, akaweka matunda kwenye ngazi. Akasema amesikia yaliyotokea na ameumia. Akasema waliomfukuza hawajui walichokitupa. Akasema mchuzi wake ni wa kwanza kwa ubora tangu mchuzi wa mama yake mwenyewe, na alikuwa anaelekea kwenye habari za jani la mgomba pale Bunruan alipokata samaki kichwa kwa pigo moja.

"Kaka, nani alikuita uje kunitolea ushahidi?"

Thawin akasema alitaka haki yake ijulikane.

"Haki yangu ilikuwa inakula vizuri pale nyuma. Ilikuwa na chakula na ilikuwa na kazi. Nilikutikisia kichwa. Uliniona?"

Akakiri kwamba alimwona.

"Uliniona." Aliwageukia samaki tena. "Basi niambie kitu kimoja, maana nimelala nacho siku saba. Siku ile ulikuwa unanisifu mimi, au ulikuwa unausifu ulimi wako?"

Mzee Thawin alikuwa amejibu wapishi wa harusi, wakaguzi wa reli, na mara moja mkuu wa mkoa aliyelalamikia nyama. Mbele ya ngazi ile aliinama akayapanga upya matunda aliyoyaleta. Juu, ndani ya nyumba, yule dada aliyepooza aliuliza ni nani. Bunruan akajibu kwamba ni mtu ameleta matunda, tayari anaondoka.

Akaondoka.

Siku mbili baadaye alikwenda Nyumba ya Mito Miwili peke yake, akiwa amevaa shati lake la msibani, akaomba kuonana na Wisarut. Walimkalisha meza iliyo karibu na choo. Hakuletewa maji. Aliketi hapo saa nzima, akiangalia sahani zikipita na maua yake, na wasichana wa hariri wakimpita kwa tabasamu, na hakusema neno kuhusu chochote alichokiona, ingawa aliona mengi. Wisarut alipotoka, mzee alikutanisha viganja kwanza, kwa kijana wa umri wa kuwa mjukuu wake. Akaomba mama arudishwe. Akasema kosa ni lake yeye, mzee mwenye domo.

Kijana angeweza kumaliza jambo pale kwa neno moja. Lakini mtu aliyekwisha kuchekwa na wateja wake mwenyewe hana haraka ya ukarimu. Alisema angependa sana, ila jiko linahitaji nidhamu, na kwamba bamkubwa aendelee kuwaombea heri. Akatoa karatasi ya punguzo la bei kwa mlo ujao. Thawin aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaikunja, na alipofika nje akampa mzee anayeosha magari, akimshauri asiitumie.

Na mkahawa ule, kama mtu anadhani ulianguka, haukuanguka. Uliendelea kujaa. Watu walikuja kupiga picha taa za vikapu, wakala kambare wa tope, wakasema mandhari ni mazuri. Hata wazee wa kibanda cha kahawa walikwenda siku moja, kwa siri, kisha wakasema wali haukuwa mbaya.

Bunruan hakumngoja mtu. Mwezi haukuisha alikuwa ametoa meza mbili chini ya nyumba yake, katikati ya nguzo, na sufuria nne: mchuzi mchachu, pilipili ya kinu, kitu kimoja cha kukaanga, na chochote walichokileta wavuvi asubuhi. Dada yake aliteremshwa kwa kiti, akawa anakatakata mboga na kuwatukana wateja wanaochagua sana. Hapakuwa na kibao wala jina. Wachuuzi wa samaki ndio waliokuwa wa kwanza, baadaye wakaja walimu. Waliletwa na Rampha, ambaye hakumwambia mtu kwa nini.

Thawin alikwenda siku ya nne tangu meza zitolewe. Bunruan alimwona akiketi, akawahudumia watu wote waliomkuta na wote waliokuja baada yake. Kisha akamwekea bakuli bila kijiko. Mzee akainuka akajichukulia kijiko mwenyewe. Samaki wake alikuwa mkia. Alikula, akalipa, akashukuru, akaenda zake.

Ikawa hivyo kila siku ya Mungu. Mkia, au kichwa kisicho na mashavu. Wali wa ukokoni. Mara nyingine maji ya kunywa yalifika alipokuwa anaondoka. Rampha alikasirika siku aliyoyaona kwa macho yake, akataka kusema, baba yake akamkanyaga mguu chini ya meza. Wachuuzi waliipenda ile tamasha. Walikuwa wakiwekeana dau leo babu atapewa nini. Yule aliyefundisha mji mzima kwamba mgeni huhudumiwa kabla hajauliza, sasa alikuwa anangoja kama mbuzi mlangoni, na alipoulizwa chakula kikoje alisema ni kizuri. Wengine walidhani ameanza kuzeeka vibaya. Wengine, waliomjua Sangwian, walidhani anatafuta Sangwian mwingine, wakakosea nao.

Mvua za kwanza ziliponyesha, dada yake Bunruan alishikwa na homa, na mama alikesha naye usiku mzima. Asubuhi alifungua kama kawaida, macho mekundu. Watu walikuja, wakala mchuzi mchachu, wakalipa, wakaondoka mapema kuliko siku zote. Thawin alipewa bakuli lake baada ya wote, mkia kama desturi. Akaonja. Akaweka kijiko chini.

Wachuuzi wawili waliokuwa meza ya pili wakagusana viwiko.

Angeweza kula amalize, alikuwa ameshajifunza. Aliutazama ule mchuzi, akamtazama mama aliyekuwa anafuta meza akiwa nusu usingizini, kisha akainuka na bakuli lake, akaenda hadi penye sufuria, akasimama karibu naye kiasi kwamba wale wawili hawakuweza kusikia ingawa walinyoosha shingo.

"Dada, leo umetia chumvi mara mbili," akasema.

Bunruan alimtazama. Akachota kwenye sufuria, akaonja, akafumba macho.

"Tangu saa ngapi?"

"Mimi nimefika sasa hivi."

"Watu saba wamekula hapa," akasema. "Saba. Wote wamesema asante mama."

"Watu wana adabu," Thawin akasema.

Mama alisonya, na haikujulikana alikuwa anawasonya wale saba, chumvi, au yeye. Akamsukumia mzee beseni la ukwaju na kisu, akamwambia kama anasimama pale na mikono mitupu basi akamue, na asijaribu kutia ndani ya sufuria bila kuulizwa. Thawin akakunja mikono ya shati hadi juu ya makovu. Bunruan akaongeza maji na samaki wa akiba, akachochea moto, akawaita wale wachuuzi wawili akawaambia wasilipe, warudi saa sita.

Mchuzi ulipochemka tena alimpa aonje. Mzee akasema bado kidogo. Bunruan akaongeza ukwaju. Mzee akasema sasa. Ndipo mama akachota bakuli kubwa la kumpelekea mgonjwa juu, na aliposhuka alipakua la pili, akaweka humo kipande cha katikati, na kijiko.

Thawin alikula kichwa chini. Alipomaliza alisema vibua wa jana waligeuzwa mapema mno, ngozi ilikuwa inabanduka. Bunruan akamwambia afunge domo lake apishe meza, kuna watu wanasubiri. Hapakuwa na mtu yeyote anayesubiri. Mvua ilikuwa inanyesha na soko zima lilikuwa tupu. Mzee akabaki ameketi.